Chakula cha Mzee Mihayo

Eufrasia alianza na mashuka. Aliomba ruhusa kwa Sista Rebeka, msimamizi wa makao yale ya wazee, akainama kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango, akavuta shuka na kulinusa. Hakuona aibu. Kwenye makao mengine aliyoyatembelea kabla ya hapo alikuwa ameonyeshwa maua getini na picha ukutani, lakini harufu ya mkojo ilimpokea mlangoni, na mzee mmoja alimshika gauni akimwomba maji ya kunywa. Alitoka pale akilia, akaapa kwamba baba yake hatalala mahali ambapo yeye, Eufrasia, hajapanusa kwanza.

"Nusa na magodoro," Sista Rebeka alisema akicheka. "Wengi wakija wanaangalia paa."

Mashuka yalinuka sabuni na jua. Eufrasia akaenda chooni. Vyuma vya kushikilia vilikuwa vimefungwa ukutani. Akavining'inia kwa uzito wake wote aone kama vitang'oka. Havikung'oka. Akafungua bomba, maji yakatoka. Jikoni akafunua sufuria na kuonja mboga. Kisha akawageukia wazee waliokuwa wameketi barazani.

"Shikamooni. Hapa wanawatunzaje?"

"Marahaba," alijibu bibi mmoja asiye na meno. "Wananiogesha kila siku kama bibi harusi. Bwana harusi ndiye hajaonekana."

"Nipo hapa, hunioni?" mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa akadakia.

"Wewe Swaleh kaa kimya, hata viatu unavalishwa."

Wakacheka wote, na Eufrasia akacheka nao. Ulikuwa umepita muda mrefu hajacheka.

Mwisho Sista Rebeka alimpeleka kwenye chumba cha kulia. Kulikuwa na meza moja ndefu, imefunikwa plastiki ya maua, na viti pande zote mbili.

"Hapa hatumpelekei mtu chakula chumbani, labda awe hawezi kabisa kunyanyuka," Sista alisema. "Mtu akila peke yake anachakaa haraka. Wote wanakula hapa, wanaume kwa wanawake, Waislamu kwa Wakristo. Ni familia."

Hapo ndipo moyo wa Eufrasia ulipotulia. Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa mfugaji wa Kharumwa. Aliteleza akinywesha ng'ombe akavunjika nyonga, na mguu haukurudi kama zamani. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mtoto wa kiume, Stanslaus, alikuwa machimboni, analala kwenye kibanda cha turubai. Eufrasia alimchukua baba kwake Kahama, kwenye chumba chake kimoja cha kupanga, lakini alfajiri alilazimika kwenda kwenye cherehani yake sokoni. Alimwachia sahani iliyofunikwa, na jioni alikuta sahani haijafunuliwa, au alimkuta baba mwenyewe sakafuni, amelala palepale alipoangukia, anamwambia, "Usijali mama, nilikuwa napumzika."

Akaitazama ile meza ndefu, akamwona baba yake pale kati ya watu, anasikiliza utani. Akasali kimoyomoyo: Asante Bwana, umenionyesha mahali.

Wiki iliyofuata akampeleka.

Mzee Mihayo hakulalamika. Kila Eufrasia alipopata nafasi ya kupanda basi kutoka Kahama kwenda kumwona kule upande wa Mwadui, alimkuta ameogeshwa, amenyolewa ndevu, amevaa shati safi. Lakini shati lilizidi kuwa kubwa. Kola ilisimama mbali na shingo. Mikono, ambayo zamani ilimshika dume pembe, ilikuwa kama fimbo zilizofungwa kitambaa.

"Unakula, baba?"

"Nakula."

"Chakula si kizuri?"

"Kizuri sana. Nashiba tu mapema."

Sista Rebeka naye alikuwa na wasiwasi. Alisema mzee anachukua sahani, anashukuru, kisha anaiacha kama ilivyo. Uji wa asubuhi tu ndio aliokunywa, kwa sababu uji waligawiwa vitandani kabla ya kuoga. "Mimi mwenyewe nimekaa naye na kijiko, mama. Anafunga mdomo kama mtoto."

Wakampeleka hospitali. Walipima damu, makohozi, wakampiga picha ya tumbo. Daktari akayatazama majibu yote, akavua miwani.

"Sioni ugonjwa," alisema. "Huyu mzee ana njaa."

Neno lile lilimchoma Eufrasia kifuani. Njaa! Mtu yuko kwenye makao yenye jiko na stoo ya mahindi, ana njaa? Alirudi Kahama akiwaza mabaya yote. Labda wanampiga. Labda wanamtisha, na chakula kile cha siku ya kwanza kilipikwa kwa ajili ya wageni. Alifunga na kusali, kisha akaenda bila kutoa taarifa, siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana.

Aliingia jikoni moja kwa moja bila hata kuweka mkoba chini. Ugali ulikuwa mlaini, na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yalikuwa yamepikwa kwa karanga kama alivyopika mama yake. Akaonja. Hakuna kasoro. Akapita hadi chumba cha kulia, akasimama mlangoni.

Baba yake alikuwa mezani, lakini kiti chake alikuwa amekigeuza upande, uso ameuelekeza ukutani. Sahani ilikuwa nyuma ya kiwiko chake. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili na kutazama chokaa. Upande wa pili wa meza kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, naye amempa baba mgongo. Alikuwa amejitanda kanga kichwa kizima hadi kidevuni, na alikuwa akipitisha tonge chini ya kanga.

"Hao wawili sijui waligombea nini," Mzee Swaleh alimnong'oneza Eufrasia. "Tangu baba yako aje, mmoja anaangalia Mwanza, mwingine anaangalia Tabora. Hata chumvi hawapeani."

Wahudumu hawakushtuka. Walishazoea. Walidhani mzee anapenda ukuta na bibi anaumwa macho. Vijana wale walikulia mjini, na Sista Rebeka mwenyewe alitoka Kilimanjaro; mila za Wasukuma hawakuzijua.

Eufrasia aliwatazama wale wazee wawili, na kitu cha utotoni kikamrudia. Alikuwa mdogo, anatembea na baba kwenye njia ya Kharumwa. Kwa mbele bibi yake mzaa mama alikuwa anakuja na kikapu. Baba aliingia kwenye shamba la pamba, akasimama huko amegeuka hadi bibi alipopita, na bibi naye alipita ameinamisha uso. Alipouliza, mama alimwambia, "Ni mama mkwe wake. Hawatazamani, na hawezi kula mbele yake. Ndiyo heshima."

Bibi alipomaliza kula na kuondoka akipapasa ukuta, Eufrasia alimfuata hadi kitandani kwake, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, bibi."

"Mwadila, mayu." Yule bibi alitoa kanga usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyepikia moshi maisha yake yote. "Wewe ndiye Eufrasia."

"Umenijuaje?"

"Una sauti ya mama yako, Holo. Holo alizaliwa na dada yangu. Mimi ni Minza, mdogo wa bibi yako. Niliolewa mbali, upande wa Geita, ndiyo maana hunijui. Baba yako ana mvi kunizidi, lakini ni mkwe wangu. Nilimtambua siku ya kwanza alipokohoa. Naye aliniona, akageuza kiti."

"Bibi! Kwa nini hukumwambia Sista?"

"Nimwambie nini? Kwamba tusikae nyumba moja? Wangesema mmoja aondoke." Bibi Minza alianza kukunja ncha ya kanga yake. "Kule nilikotoka walichoma nyumba yangu. Walisema macho yangu ni ya mchawi. Sina mtoto. Nikasema kesho atazoea, nikasema tena kesho atazoea. Nilikuwa nakula haraka nitoke, ili na yeye ale. Lakini nikitoka tu, wanaondoa sahani. Nilijua anakonda, ng'wanawane, mwanangu. Sikumwona, lakini nilisikia fimbo yake inavyogonga polepole."

Alilia bila sauti. Eufrasia alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alikaa kando yake kitandani. Akayakumbuka yote aliyoyakagua, bomba, vyuma, sufuria. Kuna swali moja ambalo hakuuliza: ni wazee gani wanaoishi hapa, na wanatoka kwa nani.

Sista Rebeka alipoelezwa aliziba mdomo. "Kumbe ni hicho tu? Si angesema tu, mama? Ningemwekea meza barazani siku ileile!"

"Asingeweza kusema, Sista."

Jioni ile walimwandalia baba peke yake kwenye baraza ya nyuma. Eufrasia alimnawisha mikono.

"Nimeongea na bibi Minza," alisema.

Mzee Mihayo alitazama chini. "Asiondolewe."

"Haondolewi, baba. Sista amesema mtakula mbalimbali, basi. Lakini wewe uliona njaa yote hiyo, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mama mkwe yuko hapa, mtoeni? Unajua alikotoka?" Alimega tonge dogo, akalishika tu. "Nilishamchukua mtoto wao nyumbani kwao nikamwoa. Na yeye nimfukuze?"

"Na mimi je, baba? Ningekutoa mimi."

"Ungenipeleka wapi, mama?"

Hakuuliza kwa ubaya. Eufrasia akasogeza bakuli la mboga.

Alikula matonge machache. Usiku ule akatapika. Kesho yake akajaribu tena, na mwili ukakataa tena. Wakamrudisha hospitali, wakamtundikia dripu, ikasaidia kidogo. Aliomba kurudi kwa masista, na Eufrasia alifunga cherehani yake akaja kukaa naye. Alimlisha uji kwa kijiko, akimsimulia habari za ng'ombe ambao walishauzwa siku nyingi. Padre alikuja akampaka mafuta. Kila siku nje ya dirisha, Bibi Minza aliketi kwenye mkeka, mgongo ameuelekeza chumbani, midomo ikichezacheza kwa sala.

Mzee Mihayo alifariki alfajiri, masista wakiwa kanisani. Eufrasia alikuwa amemshika mkono. Aliusikia wimbo kwa mbali na hakuthubutu kuita mtu hadi ulipoisha.

Stanslaus alifika na gari la kukodi akiwa na wenzake wawili kutoka machimboni, jeneza nyuma. Vumbi la mgodi lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alimwangalia baba mara moja, akatoka nje akasimama katikati ya uwanja.

"Huyu ni baba?" alipaza sauti. "Huyu aliyebaki mifupa? Nani alimnyima baba chakula hapa?"

Wazee barazani waligeuza vichwa. Sista Rebeka alipiga hatua mbele, akataka kusema, na Eufrasia akamgusa mkono.

Bibi Minza alikuwa mwisho wa baraza, amejitanda kanga, amewapa mgongo. Eufrasia alimjua kaka yake. Stanslaus akiambiwa, ataisema njiani, ataisema msibani mbele ya ukoo mzima na vijana wa machimbo. Na neno likishatamkwa kule, kwamba mzee fulani alikufa kwa sababu ya bibi fulani mwenye macho mekundu, hakuna atakayesubiri kusikia habari za heshima na ukwe. Baba alikuwa amelijua hilo. Alikaa nalo mezani, mbele ya sahani iliyojaa, hadi likammaliza.

"Hakunyimwa," Eufrasia alisema. "Walimlisha kwa mikono yao. Mwili ulikataa."

"Mwili wa baba ulikataa ugali?"

"Ulikataa."

Stanslaus alitema mate chini. "Wewe ndiye uliyepasifia. Ulinipigia simu, ukasema ni pasafi, baba atakuwa na watu. Sasa niambie mbele ya hawa. Hapa ni pazuri au ni pabaya?"

Eufrasia aliwatazama wale wazee, mmoja mmoja. Mzee Swaleh alikuwa amevua kofia.

"Ni pazuri," alisema.

"Basi tatizo ni wewe."

Wakapakia jeneza. Sista Rebeka alimkumbatia kwa nguvu, na sikioni akamwambia kwamba kuanzia sasa kila anayekuja atamuuliza ndugu zake na wakwe zake. Eufrasia aliitikia kwa kichwa. Gari lilipowaka, Bibi Minza hakugeuka, ila aliinamisha kichwa hadi magotini.

Waliipita Shinyanga, wakaipita Buzwagi na Kahama. Mahali pale ambapo lami inaisha, Stanslaus aliongea tena, safari hii polepole, macho barabarani.

"Ulikagua nini, dada? Niambie tu. Ulikagua nini kule?"

"Nilikagua kila kitu nilichokijua."

"Na ulichagua wewe."

"Ndiyo. Nilichagua mimi."

Akatoa rozari, akaanza Salamu Maria. Akasubiri kidogo kaka yake aitikie, kama walivyofundishwa na mama tangu wadogo. Stanslaus alikaza mikono kwenye usukani, na wale vijana wawili nyuma hawakujua maneno. Eufrasia akaitikia mwenyewe, akaanza inayofuata, akaitikia na hiyo, sauti zote mbili, hadi Kharumwa.