Mguu wa Kushoto

Watu wengi wakipanda ndege hutazama mikono ya rubani. Mimi hutazama miguu, na tabia hiyo nimeirithi kwa baba. Alikuwa mwalimu wa urubani kabla yangu, kwenye chuo hiki hiki, kwenye ndege hii hii ndogo ya viti viwili ambayo wanafunzi wanaiita Bibi kwa sababu inakohoa kabla ya kuwaka. Alinifundisha yeye mwenyewe, na hakunionea huruma hata chembe.

Ndani ya Bibi kuna jozi mbili za pedali. Moja iko mbele ya kiti cha mwanafunzi, upande wa kushoto, nyingine mbele ya kiti cha mwalimu, upande wa kulia, na zote zimeunganishwa. Ukikanyaga pedali ya kulia, ya kushoto inarudi kwako, na zile za jirani yako zinafanya vivyo hivyo. Kutoka hapo nyaya zinapita chini ya sakafu mpaka kwenye usukani wa mkia, lile bati lililosimama nyuma, linalopeleka pua ya ndege huku na huku. Kwa hiyo mkiruka wawili, miguu yenu inajuana. Mimi nilikuwa na papara, nilikanyaga kama mtu anayeua mende. Baba hakusema kitu. Nikizidisha mguu wa kulia, yeye alikanyaga kidogo wa kushoto upande wake, nami nikahisi pedali yangu inakuwa nzito. Hayo ndiyo yalikuwa matusi yake.

Kwa maneno alinionya mara moja tu, siku nilipopigwa na upepo wa ubavuni nikaanza kukanyaga kulia, kushoto, kulia, bila kupumua. Tulipotua alinipeleka mpaka mkiani akaushika usukani kwa mkono.

"Hili ni bati na misumari ya ribiti tu," akasema. "Ukilipeleka huku ukalirudisha ghafla, unaling'oa. Kanyaga, subiri, ndege ikujibu."

Kisha ugonjwa wa sukari ukamwanza kwenye vidole vya mguu wa kulia, ukapanda. Walimkata chini ya goti, na leseni ikaenda pamoja na mguu. Aliishi baada ya hapo na mguu mmoja wa kushoto na hasira za kutosha miguu minne. Mwanzoni mwa mwaka huu alifariki hospitalini, mama akiwa pembeni ya kitanda, mimi nikiwa angani na mwanafunzi.

Nilirudi kazini mapema mno. Wiki ile ile nilisikia kitu kinagonga chini ya sakafu ya Bibi, nikakataa kuirusha. Fundi Spana, rafiki wa baba wa siku zote, akafungua kila kitu, akapata kalamu ya mwanafunzi imeangukia humo. Mkuu wa chuo akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba msiba una kelele zake, na kwamba nikisikia nyingine nimwendee yeye kwanza, atanipa likizo ndefu. Likizo hiyo tunaijua. Mwalimu wa mwisho kupewa hajarudi mpaka leo, anauza betri za magari.

Siku iliyofuata mambo hayo, Fundi alibadilisha oili ya Bibi nami nikaichukua peke yangu kuijaribu, nimekaa kiti cha kushoto. Injini ikivuta kwa nguvu zote, pua ya ndege ile huenda kushoto, na rubani huirudisha kwa mguu wa kulia. Nikakanyaga. Pedali ikawa nzito.

Haikukwama. Ilikuwa nzito kwa namna ninayoijua tangu nikiwa msichana. Nikageuza shingo. Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa juu yake kama tufanyavyo mtu asipokuwepo, na pedali zake zikitembea pamoja na zangu. Nikalegeza mguu kidogo, uzito ukaondoka, kama zamani. Nililia kule juu huku nikicheka. Nilifurahi, tena sana, wala sioni sababu ya kutafuta neno lingine.

Tangu siku ile nikawa natafuta visingizio vya kuruka peke yangu. Mara nakagua hali ya hewa, mara naisikiliza injini. Chini, kabla ya kuondoka, nilisukuma pedali mpaka mwisho kama kanuni inavyotaka, na zilikuwa nyepesi. Nikiruka na mwanafunzi sikuweza kutofautisha, maana miguu ya mwanafunzi nayo ina vituko vyake. Lakini nikiwa peke yangu angani, nikizidisha kulia, alikuwepo. Ni kulia tu. Kushoto hakunigusa kabisa. Nikaanza kumsimulia habari za nyumbani: mama ameacha kufunga mlango wa nyuma, dada anaulizia redio yako, ile saa yako nimeichukua mimi na siirudishi. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Hapo ndipo zamu ya Sindano ikafika. Ni mwanafunzi wangu, binti mwembamba hata jina lake la chuoni limetoka huko, ana miguu mitulivu kuliko yangu. Kesho yake asubuhi angeruka peke yake kwa mara ya kwanza, na angeruka na Bibi kwa kuwa ndege nyingine haikuwa na injini. Wazazi wake walikuwa wameshaalikwa. Mchana nikaichukua Bibi mara moja zaidi, niipime njia ya kurukia katika upepo. Wakati wa kushuka upepo ulinipiga ubavuni, nikakanyaga kulia kwa nguvu, na pedali ikakataa. Safari hii si uzito tu. Ilikataa katakata, ingawa niliisukuma kwa mguu mzima.

"Baba, niachie," nikasema kwa sauti. "Utaniangusha."

Hakuniachia. Nilitua kombo, nikapunguza mwendo pembeni ya njia, nikazima injini na kukaa pale nikiwa nimelowa jasho.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda moja kwa moja kwa fundi. Mimi nilitembea kuzunguka maegesho kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nikisema pedali inakataa, na Fundi akafungua akakuta tena kalamu, nitapewa likizo yangu ndefu. Nikinyamaza, asubuhi Sindano atapanda ndani ya kitu nisichokielewa. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo ndilo lililonifunga mdomo kuliko yote: kama kuna ubovu, basi muda wote huo hakuwa baba. Nilikuwa nimesimuliana habari za nyumbani na chuma.

Nikaenda kwa mama. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo za marehemu ambazo alishazikunja jana na juzi. Viatu vya baba vilikuwa pale pale mlangoni, jozi aliyonunuliwa baada ya kukatwa, kwa sababu hakuna duka linalouza kimoja. Cha kushoto kimeisha kisigino. Cha kulia bado kinang'aa.

Nikamuuliza siku zile za mwisho zilikuwaje. Sikuwahi kumuuliza. Mama akaendelea kukunja, akasema alikuwa anasukuma kitanda.

"Kwa mguu gani?"

"Kwani alikuwa na mingapi?" Akaliweka shati juu ya jingine. "Ule ubao wa miguuni pa kitanda, anausukuma mpaka jasho linamtoka. Nikamwambia, mzee wangu, unakwenda wapi? Akasema, siendi popote, namzuia mtoto. Asikanyage kulia."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unalia vya kutosha, mwanangu. Tena nilijua ni homa."

Nilikaa chini, karibu na viatu. Mwili wote ulinisisimka, mpaka mama akauliza kama nina baridi. Anayetaka kuuzuia mguu wangu wa kulia lazima akanyage kushoto, na baba alibakiwa na wa kushoto tu. Hilo peke yake lingetosha kunikosesha usingizi. Lililoniumiza ni lingine. Miaka yote aliyonifundisha, baba hakugusa pedali hata mara moja kwa kunisalimia. Aligusa nilipokuwa karibu kuharibu kitu. Mimi nilikuwa namsimulia habari za saa na redio, na yeye kumbe alikuwa kazini.

Nikarudi chuoni mbio. Fundi Spana alikuwa ananawa mikono aende kwake. Nikamwambia pedali ya kulia inakataa ndege ikiwa angani. Akanikumbusha ile kalamu. Akanikumbusha na likizo, kwa sauti ya chini kwa sababu mlango wa mkuu ulikuwa wazi.

"Binti," akasema, "ukinifungulisha sakafu bure mara ya pili, nikikutetea hatanisikiliza."

"Fungua, Fundi."

Aling'oa viti, akang'oa mfuniko wa nyuma yake ambao hufunguliwa tu kwa ukaguzi mkubwa, akaingiza kichwa na tochi. Nilimsikia akitamka jina la Mungu, taratibu. Kisha akaniita.

Waya wa kulia, pale unapopinda kwenye kapi, kile kigurudumu kinachouongoza, ulikuwa umekatika uzi mmoja mmoja na kuchanua kama ufagio mkuukuu. Ukingo wa kapi ulikuwa umelika, ukawa unausugua waya kila unapopita. Zilibaki nyuzi chache katikati, zimenyooka, zinang'aa kwa kuvutwa.

"Chini hapa zingestahimili," Fundi akasema. "Angani, ungekanyaga mara moja kwa nguvu zako zile, zingekwisha. Ungebaki na pedali inayocheza na mkia usiosikia."

Nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama hicho ndicho kilichoifanya pedali iwe nzito. Fundi alivuta moja ya zile nyuzi zilizokatika kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Waya unaokufa unalegea. Hapa ungehisi wepesi. Kapi linazunguka vizuri, hakuna kilichokwama. Huo uzito haukutoka huku." Akanitazama. "Ulikuwa na nani humo ndani?"

"Peke yangu."

Alizima tochi, wala hakurudia swali.

Mkuu alikuja akauona waya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na neno likizo halikutajwa. Siku ya Sindano ikaahirishwa. Fundi akaweka kapi jipya na waya mpya, akaukagua, akamwita fundi mwingine naye akaukagua. Kisha mimi nikaichukua Bibi peke yangu, nikapanda juu sana, palipo salama, nikaanza kukanyaga kulia, taratibu, taratibu, mpaka mwisho.

Ilikwenda kama mtelezo. Ndege ikainamisha pua, ikageuka, ikanisubiri. Hakuna aliyenizuia. Nikakanyaga tena, nikamwambia mama anakusalimia, nikamwambia saa nitairudisha. Kiti cha pili kilikuwa kitupu na kilikuwa kitupu kweli. Ndiyo siku niliyomzika baba, kwa sababu siku ile ya makaburini nilikuwa na watu wa kunishika, na hii sikuwa na mtu.

Sindano akapata siku yake, yenye jua na upepo mdogo wa ubavuni. Wazazi wake walisimama kwenye uzio, baba mtu na simu juu akirekodi hata pale ambapo hakuna kinachotokea. Mimi nilisimama kando ya njia na redio mkononi. Aliondoka vizuri, akazunguka vizuri, akaja kutua. Karibu na ardhi upepo ukamsukuma, pua ikayumba. Sikusema kitu kwenye redio. Maneno wakati ule huvuruga mtu. Pua ikatulia, ikanyooka, magurudumu yakagusa. Ndipo nilipoona kwamba mguu wangu wa kushoto umezama kwenye changarawe mpaka kamba za kiatu.

Alisimamisha ndege mbele yetu, akazima injini na kufungua mlango, machozi na kicheko vimechanganyika usoni mwake.

"Nimeuhisi mguu wako, Mwalimu," akasema. "Pale mwisho nilitaka kukanyaga kulia kwa nguvu, pedali ikawa nzito, nikakumbuka, nikatulia." Kisha akajishangaa mwenyewe, akatazama kiti cha pili, akacheka. "Mazoea hayo. Si hukuwemo."

Nikampongeza. Nadhani nilimkumbatia pia. Furaha ilinipanda kifuani, ile ile ya siku ya kwanza, na safari hii hofu ilikuja nayo ikiwa imeishika mkono. Sijui ulikuwa mguu wa nani, wa baba au wangu. Najua tu unakuja kwa ajili ya nini.

Baba yake Sindano akaomba binti azunguke tena mara moja, maana simu ilikuwa imemzimikia wakati wa kutua. Mkuu akasema hakuna tatizo. Sindano alishaanza kujifunga mkanda. Nikaingiza mkono nikachomoa ufunguo.

"Shuka," nikamwambia. "Leo haitoki tena."

Mkuu alinitazama kwa jicho lile la likizo ndefu. Nikamwacha atazame. Nilivuka maegesho mpaka karakana, nikamwambia Fundi Spana kwamba kulia kumekuwa kuzito tena. Hakuniuliza waya mpya unawezaje. Aliweka kikombe chake chini, akachukua tochi, akatangulia kwenda kufungua sakafu.