Wimbo wa Nabangala

Hasira hasara, najua, usinikumbushe. Lakini mtu akikuambia umtoe mkeo kwenye wimbo wa maziko yake, wewe utacheka?

Mimi ni Sifuna, mpiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kutoka Bungoma. Nimepiga Kampala tangu vita viishe mwaka wa themanini na sita, kwenye baa za Mengo na hoteli za Nakasero, ambako Wazungu waliuita muziki wangu bluzi. Waite watakavyo. Kwetu wimbo wa gitaa una mwenyewe: ukimtaja mtu, umekuwa wake. Mke wangu Nabangala alipofariki kwa uzazi nilimtungia wa kumuaga, kwa Kibukusu: Nabangala, udongo umekufunika, nani atanifungulia mlango. Kanda zikasambaa mjini, na wasiojua Kibukusu wakausikia mdundo wake wa polepole wakaudhania wa mapenzi. Wakawa wanaucheza wamekumbatiana. Nilinyamaza, maana angalau jina lake lilitajwa kila siku.

Ndipo Barnabé, Mkongo mfanyabiashara wa dhahabu, akanikodi nipige kwenye arusi yake, nyumbani kwake Mbuya. Mchana ule nikiwa nakaza nyuzi, alikuja akaniwekea mkono begani kama tuliotahiriwa pamoja. Aliutaka wimbo ule ule, ila umtaje bibi arusi, Moreen.

"Weka jina ya Moreen," akasema. "Hiyo ya yule mwingine, toa. Ni nani sasa yeye?"

Ni nani sasa yeye! Damu ilinichemka. Nilimweleza kwamba ule ni wimbo wa maziko. Akacheka, akasema mapenzi yote ni kifo. Mpumbavu. Moreen sikuwa na ugomvi naye, kwa hiyo binti wa watu sikumgusa. Nilisimama mbele ya wageni nikaimba: Barnabé, udongo umekufunika. Nilimzika mzima, kando ya keki yake. Yeye kusikia jina lake akainua mikono, akacheza, akaniashiria nirudie. Nikarudia, nikaongeza na mchwa wanaomla kaburini. Sijawahi kupiga gitaa vizuri namna ile, na nilisikia raha, siwezi kukuficha.

Aliyeelewa alikuwa mmoja tu: Teresa, mpishi, Mbukusu mwenzangu, aliyemwosha Nabangala siku ya maziko. Alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono kichwani kama tunavyosimama msibani. Nilipokwenda kula nilitegemea atacheka nami, au atanigombeza kwa kumlaani mtu siku ya arusi yake. Hakufanya hivyo. Alinipakulia wali, akakaa karibu yangu.

"Sifuna," akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, "na Nabangala umempeleka wapi?"

Nikaisukuma sahani kando. Mara mbili, mbele ya watu wote wale, nilikuwa nimeuimba wimbo wake bila kumtaja. Barnabé aliomba tu. Aliyemtoa ni mimi.