Zamu ya Maji ya Hedwiga

Victoria alimlea Hedwiga miaka saba bila kuombwa hata kikombe cha maji. Mtoto akilia, mama alibahatisha: makande? uji? blanketi? Bi Blandina, mama mkwe mwenye ulimi usiojua likizo, alikwishatoa hukumu yake: "Mimi hata nikifa leo, huyu hatajua." Maneno hayo yalimchoma Victoria kuliko kilio chenyewe.

Mwalimu Faustina alifundisha watoto wenye usonji, Hedwiga akiwamo, kwa simu, yeye akiwa Same mjini, wao huku juu milimani Msangeni. Aliagiza zitengenezwe picha za vyakula, vitu na watu wa nyumbani, zibandikwe kwenye vipande vya boksi. Hedwiga akitaka kitu, atoe picha yake. Wiki zikapita, mtoto akazitafuna kona tu.

"Mama Hedwiga, tatizo ni wewe," mwalimu akasema siku moja bila kumung'unya maneno. "Unampa kabla hajaomba. Nyie Wapare mgeni hajakaa, sahani imeshafika! Anapenda nini kupita vyote?"

"Kuchezea maji ya mfereji."

"Basi yazuie."

Zamu yao ikafika ya kufunguliwa ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Maji yakateremka mferejini. Victoria akaacha udongo umeziba mlango wa mfereji mdogo wa shambani kwake, anakochezea Hedwiga, picha zimetandazwa nyasini, simu ameiegesha jiweni ili mwalimu aone. Hedwiga akapiga yowe. Maharage yalikuwa yamenyauka na zamu haimsubiri mtu.

"Fungua, we mwanamke!" Bi Blandina akafoka. "Tutakula picha?"

"Ngoja, Mama Hedwiga," simu ikakwaruza. "Ngoja tu."

Victoria akangoja, roho mkononi. Yowe likakatika. Hedwiga akainama, akapekua, akaokota picha ya maji, akamwekea mama yake kiganjani.

"Ma," akasema.

Victoria aliubomoa ule udongo kwa mikono miwili, huku analia, huku anacheka. Vigelegele vya mwalimu vikaja vipandevipande, mtandao ukivikata.

Lakini Hedwiga hakuingia majini. Alirudi nyasini akapekua tena, akaja na picha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia. Ilikuwa ya Bi Blandina. Akampa bibi mwenyewe, kisha akamvuta mkono kuelekea mferejini.

Bi Blandina akavua kandambili, akakunja kanga hadi magotini, akatumbukiza miguu kwenye maji baridi.

"Msinisemeshe," akasema, machozi yakimtiririka. "Mjukuu wangu ananiita."