Ametoka Mapema

Waliambiwa upasuaji utachukua masaa saba, nao wakajipanga kwa masaa saba. Mama alibeba mtandio na chupa ya chai; binti yake akabeba kitabu alichojua hatakifungua. Saratani ilikuwa imebana umio wa baba, hata uji ukawa unapita kwa taabu. Daktari alikuwa amewaeleza: matundu madogo tu, roboti yenye mikono minne, yeye ameketi pembeni akiiongoza. Umio utaondolewa, mfuko wa chakula uvutwe juu ushike nafasi yake, na baba atakula tena.

"Miaka arobaini nimewashonea watu kwa mashine," baba, fundi cherehani, alimtania muuguzi aliyekuwa akisukuma kitanda. "Leo zamu yangu. Angalieni tu mshono usipinde!"

Hata saa moja haikutimia, muuguzi akachungulia mlangoni: mgonjwa ametoka.

"Si nilikwambia?" Mama aliruka kama msichana. "Mashine haina uvivu!" Akachukua simu, akatoka mbio kwenda ukumbini kuwapasha ndugu habari.

Binti alibaki. Daktari alikuja kofia mkononi, akatazama sakafu kwanza.

"Huwa tunaanza kwa kuingiza kamera, tuangalie kabla ya kukata. Ugonjwa umefika kwenye ini, na utando wa tumbo umejaa vipele vyake. Kuuondoa umio sasa ni kumtesa bure, dada yangu. Tumefunga matundu. Tutamwekea kibomba kwenye umio, njia ibaki wazi, ameze angalau uji."

"Kwa hiyo hamkukata?"

"Hatukukata. Pole sana."

Kwenye chumba cha kuzindukia, baba alifumbua macho, akaangaza dirishani. Jua lilikuwa bado la asubuhi.

"Mbona mapema hivi, mwanangu?" akamuuliza binti yake.

Binti alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. Akamshika mkono.

"Hawakuutoa umio, baba. Ugonjwa umeshasambaa."

Kutoka ukumbini sauti ya mama iliwafikia, imejaa kicheko: "Ndiyo, wifi! Andaa sufuria kubwa, kaka yako anarudi na njaa ya miezi!"

Binti akainuka. "Nikamwambie."

"Kaa." Vidole vya baba vilimbana mkono. "Mwache amalize hiyo simu."

Akakaa. Wakamsikiliza akiaga, akicheka tena. Kisha akampigia mwingine.