Sauti ya Kumeza

Emérence aliamshwa na sauti ya mtu anayemeza. Ilitoka upande wa pili wa pazia, alikolala mama mkwe wake na mtoto: kunyonya mara mbili tatu, kisha funda dogo, kisha pumzi. Akajiinua kwa kiwiko, akatega sikio. Titi la kubembelezea, kila mwanamke anajua, hunyonywa kavukavu. Mtoto huvuta tu mpaka usingizi umchukue. Huyu alikuwa anameza. Alikuwa anakula.

Mvua ilikuwa imekatika, na mabati ya nyumba za mtaa wa Kadutu, moja chini ya nyingine mpaka bondeni, yalikuwa yakidondosha maji ya mwisho. Kando yake mumewe, Barthélemy, alikoroma. Emérence akapeleka mkono kwenye titi lake mwenyewe, akaliminya. Likatoa tone moja jepesi. La pili likakataa. Akalala chali, macho kwenye giza, na usingizi haukurudi tena.

Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu zilizopita. Tifoidi ilimkamata kitovu cha mtoto hakijakauka, ikamlaza zaidi ya mwezi kwenye wodi ambayo watoto hawaruhusiwi kuingia. Huko aliitwa Nabintu, kama kadi yake ilivyosema, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa kwenye karatasi zote za Zaire. Nyumbani, mlango ukishafungwa, aliendelea kuwa Emérence. Mtoto wake, Murhula, alibaki na mama yake Barthélemy, Maman Cibalonza, aliyekuja mbiombio kutoka Walungu na kikapu cha viazi vitamu, akaacha shamba la maharage likiomba palizi na binti yake wa mwisho, Agnès, mikononi mwa jirani.

Siku ya kutoka, muuguzi Marcelline alimshika mkono mlangoni. "Maziwa yako haijakufa, iko inalala," alimwambia. "Mutoto ndiye ataiamusha. Umuweke kwa titi kila saa, zaidi usiku. Usiku ndiyo maziwa inarudiaka. Lakini usikawie, maman. Titi yenye hainyonywe inakauka kabisa." Emérence alipanda vichochoro vya Kadutu akiyabeba maneno hayo kama mtu abebaye yai.

Usiku wa kwanza mtoto alimkataa. Aligeuza uso, akajikunja, akalia mpaka sauti ikapwaya. Barthélemy alikuwa mtu wa kiwanda cha kwinini, na alfajiri, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi wote walitakiwa uwanjani kuimba na kucheza ngoma za kukisifu Chama tawala. Usingizi haukuwa udhuru. "Mupe Maman, basi," alisema, uso ukiwa ndani ya mto. Maman Cibalonza akanyoosha mikono, pazia likafungwa, kukawa kimya. Ikawa hivyo kila usiku. Emérence aliona haya kidogo, akashukuru sana, akalala. Alidhani mtoto anabembelezwa.

Asubuhi hiyo, penye bomba la maji, jirani yake Agathe alimpokea kwa kicheko. "Weye iko na bahati! Mutoto ya kulala vile! Batoto ba kwangu walitaka kunimaliza."

Emérence alitabasamu kwa meno tu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, ndivyo tuambiwavyo. Lakini wahenga hao, kwa hekima yao yote, hawakusema mtu afanye nini akikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa na mwingine, tena vizuri kumshinda.

Jioni alimsubiri mumewe akae, avue viatu.

"Barthélemy, mama yako iko ananyonyesha mutoto."

"Ananyonyesha na nini? Mama ni muzee."

"Na maziwa. Nimesikia mutoto anameza."

Barthélemy alikishika kiatu mkononi muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji kushikwa. Kisha akacheka kidogo. "Kama ni vile, Mungu asifiwe. Mutoto iko anashiba. Siye wote tunalala. Shida iko wapi?"

"Shida iko kwangu. Kila akinyonya kule, huku inakauka. Akiendelea vile mwezi moja tena, mimi nitakuwa dada yake."

"Alikuokolea mutoto, Emérence."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililouma kuliko yote. Asante ya punda ni mateke, na Emérence alizisikia kwato zikimwasha. Alimwonea wivu mwanamke aliyemhifadhia mwanawe. Aliuonea haya wivu huo. Na haya ile, badala ya kuuzima wivu, iliuchochea, hata chakula cha jioni akashindwa kukimeza.

Kesho yake alimfuata mama mkwe jikoni, kile kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Maman Cibalonza alikuwa akichambua maharage, mtoto amelala mgongoni. Hakuwa kizee, mwanawe aseme atakavyo. Alimzaa Barthélemy akiwa msichana, na Agnès wake huko Walungu alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

"Maman," Emérence akauliza, "tangu lini?"

Mama mkwe hakujifanya hakuelewa. Aliuweka ungo chini.

"Tulimupa maziwa ya ngombe na kijiko, akatapika. Usiku analia mpaka midomo inageuka bulu. Nikamupa titi, kikavu, anyamaze tu. Niliona haya, hata Barthélemy sikumuambia. Kiisha siku moja naamuka, blauzi imelowana." Akakaza kitenge kilichombeba mtoto. "Nililia, mwanangu. Nikasema, Mungu, hii maziwa ni ya nani?"

"Ni ya mutoto wangu."

"Ndiyo. Ni ya mutoto wako."

"Na mimi ni nani kwake? Mama ya muchana?"

Maman Cibalonza aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje, akaangalia kilikoangukia. "Kila jioni nasema nitakuambia kesho. Usiku akilia, inatoka yenyewe mbele hata sijaamuka. Sina nguvu ya kuikataza."

Emérence alikuwa amekuja na ugomvi uliokwisha pikwa, na sasa hakuona wa kumwandalia. Laiti angemkuta mwizi! Mwizi hupigiwa kelele, majirani wakaja, mambo yakaisha. Alisimama hapo akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Leo usiku atalala na mimi," akasema.

"Atalia sana."

"Alie. Lakini Maman, musiingie. Hata nikiwaita, musiingie."

"Sitaingia." Mama mkwe alifungua kitenge mgongoni, akamteremsha mtoto polepole, akampa. Kisha akampa na kitenge chenyewe. "Chukua na hii kikwembe. Iko na harufu yenye amezoea."

Mvua ilirudi kutoka ziwa lililo chini ya mji, pamoja na giza, na mtoto akaamka. Emérence alimpa titi la kulia, akalitema. La kushoto, akalisukuma kwa ngumi zake ndogo. Alimwimbia, akamtikisa, akazunguka naye chumba kile kisichokuwa na pa kuzungukia. Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, mpaka Agathe akagonga ukuta kutoka upande wake. Bahati ya mtoto wa kulala ilikuwa imekwisha. Maziwa yake, kama yalikuwapo, yalijificha, na kila alivyoyatamani ndivyo kifua kilivyozidi kuwa kigumu na kikavu.

Mwishowe Barthélemy alikaa kitako kitandani. "Mupe Maman! Unataka mutoto akufe sababu ya kiburi yako?"

Hapo Emérence alivunjika. Lile neno akufe likayeyusha yote aliyoyaapa mchana. Asiwe mama, liwalo na liwe, ili mtoto ashibe. "Maman!" akaita. "Maman, mukuje! Mumuchukue!"

Hakuna aliyejibu. Barthélemy akavuta pazia. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umeegeshwa ukutani, na mlango wa nyuma ulikuwa umerudishwa tu.

Walitazamana. Wakwe wengi huahidi kutoingilia. Huyu alijua ahadi yake isingeshinda kilio hicho, akaamua kuipeleka mbali na mlango. Barthélemy alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe azaliwe hakuwa na mtu wa kumkabidhi.

Emérence alikichukua kitenge. Kilinuka moshi, maharage na maziwa yaliyochacha. Akajifunga kifuani, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mguu mmoja umenyooshwa, kama alivyokuwa akimwona mama mkwe wake akiketi. Hakuimba tena wala hakutikisa. Alikuwa amechoka, na mtoto pia alikuwa amechoka, na katika kuchoka huko kwa wawili mtoto akafungua mdomo, akalishika titi.

Liliuma. Akaliachia, akalia, akalishika tena. Emérence alizuia pumzi ili asikie. Kavu. Kavu. Kavu. Mvua ilipiga mabati, naye akaichukia mvua kwa kelele zake. Kavu. Kisha, hafifu mno hata akadhani ameitunga mwenyewe, funda moja.

"Amemeza?" Barthélemy alinong'ona.

Emérence aliogopa kwamba akijibu, funda lile litakuwa la mwisho.

Kulipopambazuka mtoto alikuwa amelala kitandani, na Barthélemy ameondoka na macho mekundu kwenda kukiimbia Chama. Emérence alitoka nyuma. Maman Cibalonza alikuwa jikoni, ameketi juu ya kigogo, mikono ameikumbatia kifuani. Moto hakuuwasha. Kibanda hicho kilikuwa na paa zuri na mvua haikuingia. Hata hivyo, alipoachanisha mikono, blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, maduara mawili yaliyoungana na kushuka mpaka kiunoni. Kilio kilikuwa kimemfikia huko, usiku kucha.

"Nilisikia amenyamaza," alisema. "Alinyonya?"

"Kidogo, Maman. Alimeza."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Mungu asifiwe," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi.

Emérence alitaka kumwambia kwamba usiku alimwita, na kwamba kutojibiwa ndiko kulikomfanya aketi chini. Alitaka kumwomba msamaha, na kumshukuru, na kumwambia asiende. Maneno hayo matatu yalifika kinywani pamoja, yakazuiana mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshainuka, akatoa kanga kuukuu kutoka kwenye kikapu chake.

"Unisaidie kufunga matiti, maziwa ikauke. Mukono yangu haifike nyuma. Ikikauka nitarudi Walungu. Agnès ananingojea."

Akageuka, akavua blauzi. Emérence hakuwahi kuuona mgongo wa mama mkwe wake. Haya ilikuwa imewatenga, kama ipasavyo. Ulikuwa mgongo uliobeba mihogo, kuni na watoto, na sasa ulitetemeka kwa baridi. Akaipitisha nguo chini ya makwapa, akazikutanisha ncha nyuma, akavuta.

"Kaza."

Akavuta tena.

"Kaza, mwanangu. Usinionee huruma. Ukilegeza itadumu."

Emérence alikaza. Alisikia pumzi ya mama mkwe ikikatika, na mikono yake mwenyewe ikaanza kumchukiza.

Ndani ya nyumba mtoto alilia.

Nguo ilimponyoka kidogo Emérence: mwili ule aliokuwa akiufunga ulikuwa umeshakwenda hatua moja kuelekea mlangoni, wenyewe, bila idhini. Kisha ukasimama. Emérence alivuta ncha, akafunga fundo, na akiwa bado ameinama alihisi kitu cha uvuguvugu kikimshuka kifuani. Akatazama blauzi yake. Upande wa kushoto palikuwa na doa, dogo kama sarafu, nalo lilikuwa likipanuka.

Mtoto alilia tena, kwa nguvu zaidi.

"Nenda," Maman Cibalonza alisema, bila kugeuka. "Iko anakuita."

Ni nani hasa aliyekuwa akiitwa, Emérence hakujua. Alikwenda.