Droo ya Chini

Mashine mpya ya kudarizi ilipoletwa, wa kwanza kuijaribu alikuwa Mama Sindano, fundi wa siku nyingi, naye akaharibu kola. Mwenye karakana akaitundika ukutani wiki nzima, akicheka mpaka machozi. "Njooni muone ua la injinia wetu!" Tangu hapo mashine ikabaki chini ya shuka, naye hachoki kufoka kwamba mafundi wake ni wavivu, hawataki mambo ya kisasa.

Leo mteja kataka sare zenye maua. Mafundi walipotoka kwenda kula, bosi akafunua mashine, akabonyeza vitufe kwa mbwembwe. Uzi ukajisokota, sindano ikavunjika, kola ikawa kama imetafunwa na mbuzi. Akatupa jicho mlangoni, kisha akavuta droo ya chini ya meza ya mashine aifiche kola hiyo.

Ilikuwa imejaa kola. Maua yaliyopinda, maua nusu, na juu kabisa moja lililokaribia kupendeza. Kumbe wote walikuwa wakijifunza kwa kuibia, wakikimbia kicheko chake.

Uso ukamshuka. Nje, sauti za mafundi zikakaribia. Akaikunja kola yake upesi, akaisukumia humo humo, na droo ikagoma kufunga.