Majina Yaliyopitishwa Mara Mbili

Wewe umewahi kuona majina ya marehemu yakigeuka takataka, na mchonga mawe keshanoa patasi zake anayasubiri?

Teklė, mfanyakazi wa maktaba, aliyaona hayo Jumatatu asubuhi, katika maktaba ya mji wao mdogo kaskazini mwa Lithuania, wiki moja kabla ya Siku ya Marehemu. Orodha ilikuwa ya watu mia nne wa mji huo waliopelekwa uhamishoni Siberia na Wasovieti, nayo ilikuwa ichongwe kwenye jiwe la ukumbusho. Mzee Kazys ndiye aliyeipiga chapa mwaka 1990, kwa kompyuta ya ofisi ya shamba la ushirika. Sasa kompyuta haijui herufi, inajua namba. Na namba za mashine ile ya zamani sizo za hizi mpya. Ilibidi kila herufi ihamishwe kutoka namba yake ya kale kwenda namba mpya.

Nusu ya kwanza Teklė alikwisha kuihamisha tangu theluji ilipoyeyuka. Mkuu wa maktaba, Aldona, kwa nia njema kabisa, akaipitisha orodha nzima tena kwenye programu ya kuhamisha, asijue nusu ilikwisha kuhamishwa. Ile nusu ikahamishwa mara mbili, na kila herufi ya Kilithuania yenye kofia au kimkia, kama ž au ą, ikawa alama ya kuuliza. Disketi ya mwanzo ilikuwa imeota ukungu, karatasi zilipotea walipohama jengo.

"Weka herufi tupu, shoga, tusichelewe," Aldona alisema. "Kwenye kompyuta sote tunaandika hivyo. Watu wataelewa."

"Kwenye barua, sawa. Hili ni jiwe."

"Mbona jina langu halina kofia hata moja na naishi?"

"Ndiyo maana huoni uchungu. Lete chai."

Teklė akamwita Kazys. Mzee akaja na koti lake la kahawia lisilo na kifungo cha pili, na kipande cha mkate mweusi wenye kisibiti kimefungwa kwenye kitambaa. Wakaanza, jina baada ya jina.

"Huyu aliyeandikwa wa nyuma ya kinu cha unga ana alama mbili za kuuliza."

"Žvirblienė. Alikuwa na mbuzi wa pembe moja."

"Sikuuliza mbuzi, mzee wangu."

"Bila mbuzi simkumbuki."

Basi Teklė akaacha mbuzi wapite, na visima, na mabinti waliokataa posa. Pale Kazys aliposita, Teklė alivaa viatu akaenda kwa paroko kutazama vitabu vya ubatizo, hata mvua ilipokuwa ya barafu. Aldona alimwambia macho yatamtoka. Teklė akafuta miwani, akaendelea.

Alhamisi mchana alama ya mwisho ya kuuliza iliondoka. Akahesabu mara mbili kwa ncha ya penseli. Mia nne kamili.

"Tumemaliza. Nenda kapumzike, mzee."

Kazys hakuinuka. Alikunja kile kitambaa cha mkate, akakikunjua, akakikunja tena.

"Siku tatu nakutazama unavyomhangaikia kila mtu," alisema, "hata wasio wako."

"Sasa nani atawahangaikia?"

Mzee akakiweka kitambaa mezani.

"Andika wa mia nne na moja. Juozapas Šeškus, kaka yangu. Naye walimpeleka Siberia, na mwenye ndugu kule hakupewa kazi, basi kwenye fomu nilijaza kwamba sina ndugu; nilipopiga chapa orodha ile pale ofisini nikaogopa uongo wangu usigundulike, nikamruka. Nataka awe kwenye jiwe."